Mlango wa Maji na Haki ya Jirani

Mto ukifurika, na mtu mmoja akawa ameshika mlango wa kuyaelekeza maji, je, ni haki ayapeleke kwenye mashamba ya watu wachache ili auokoe mji wa watu wengi? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Anayekaa mlimani aweza kulijibu upesi, kwa sababu maji hayatafika kwake. Anayekaa bondeni hufikiri mara mbili, maana ajua kwamba siku moja yeye mwenyewe aweza kuhesabiwa pamoja na wale wachache.

Zamani swali hili halikuulizwa sana. Mto ulipofurika, watu walihama, wakapanda kilimani, wakangoja maji yapungue. Hakuna aliyemshtaki jirani yake kwa sababu ya mvua. Siku hizi, katika nchi nyingi, mambo ni mengine. Wahandisi wamejenga matuta marefu kandokando ya mito, na mabwawa, na milango ya chuma na ya mbao. Vipimo vilivyosimikwa mtoni husoma kina cha maji na kupeleka habari kwa njia ya setilaiti, usiku na mchana, bila kungoja mtu aende kutazama. Kompyuta huzikusanya habari hizo pamoja na habari za mvua, zikakadiria maji yatafika wapi kesho na kesho kutwa. Basi mafuriko, ambayo zamani yalikuja kama radi, yameingia kwa sehemu katika mikono ya wanadamu. Na jambo likiisha kuingia katika mikono ya mwanadamu, dhamiri nayo lazima iamke. Mvua haina hatia. Mwenye kufungua mlango aweza kuwa na hatia, na aliyekataa kuufungua vilevile.

Habari za mto mmoja, yaani Mississippi wa Marekani, zaonyesha jambo hili waziwazi kwa muda wa miaka karibu mia moja. Yafaa kuzifuata kwa utaratibu, kwa maana yaliyotendeka huko yaweza kutendeka popote penye mto na watu.

1. Mto uliofungwa kwa matuta

Mississippi ni mto mkubwa, ingawa kwa wingi wa maji haufikii Mto Kongo. Hukusanya maji ya karibu asilimia 40 ya nchi ya Marekani, mbali na Alaska na Hawaii. Mvua ikinyesha sana katika mabonde yake mengi kwa wakati mmoja, maji yote hukutana katika njia ile moja, yakaelekea baharini upande wa kusini, karibu na mji wa New Orleans.

Wenyeji wa kale wa nchi ile waliuacha mto utanuke wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi. Wakulima na wafanya biashara waliokuja baadaye walitaka ardhi ile nyeusi yenye rutuba, wakajenga matuta ya udongo ili maji yasitoke njiani. Lakini tuta lina tabia yake. Maji yaliyozuiwa kutanuka hupanda juu. Tena tuta lililojengwa upande mmoja huyasukuma maji upande wa pili. Kwa hiyo tuta ni rafiki wa aliye nyuma yake, na laweza kuwa adui wa aliye ng'ambo.

Mkulima yeyote aliyelima bondeni aweza kulifahamu jambo hili. Watu wawili wana mashamba kwenye kijito kimoja. Mmoja ainua udongo kulinda mahindi yake. Mvua kubwa ikija, maji yote huingia kwa mwenzake. Yule wa pili naye akija usiku kwa siri na kulitoboa tuta la wa kwanza, hatasema kwamba amefanya uovu, atasema amejiokoa. Hivyo kila mmoja ana sababu yake, na urafiki wao umekufa. Walikosa nini? Walikosa kukaa pamoja kabla ya mvua.

2. Ahadi ya mwaka wa 1927

Mwaka wa 1927 Mississippi ulifurika kwa namna ambayo watu wa huko hawajaisahau. Matuta yalivunjika mahali pengi, nchi ya kilometa za mraba 70,000 hivi ikafunikwa na maji, na watu zaidi ya 600,000 wakaacha makao yao.

Mji wa New Orleans ulikuwa bado haujaguswa na mto. Wakubwa wa mji, hasa wenye mabenki na biashara, waliogopa. Wakaiomba serikali ruhusa ya kulivunja tuta mahali paitwapo Caernarvon, chini ya mji, ili maji yapate njia fupi ya kwenda baharini. Huko chini walikaa watu wapatao 10,000: wavuvi, wakulima wadogo, na wawindaji wa wanyama wa manyoya. Watu hao waliambiwa wahame. Wakubwa wa mji waliahidi kwa maandishi kuwalipa hasara yao yote. Tarehe 29 Aprili 1927 baruti ililipuliwa, na maji yakaifunika nchi ya wavuvi na wawindaji.

Mambo mawili yalifuata. La kwanza, muda mfupi baadaye matuta mengine ya upande wa juu yalivunjika yenyewe, maji yakapata njia nyingine, na hatari ya mji ikapungua. Hivyo nchi ile iliangamizwa kwa hofu iliyokuwa kubwa kuliko lazima. La pili lilikuwa baya zaidi. Siku ya kulipa ilipofika, watu wa New Orleans walibishana juu ya kila dai. Wengi kati ya waliopoteza riziki yao walipata kidogo sana, na wengine hawakupata kitu.

Waswahili husema kwamba ahadi ni deni. Lakini deni lisilo na mdhamini ni jepesi kusahauliwa, hasa mdai akiwa maskini na mdaiwa akiwa mkubwa. Ubaya wa Caernarvon haukuwa katika kufungua maji peke yake. Walioamua ndio waliookolewa; walioangamizwa hawakuwa na sauti katika shauri; na malipo yaliachwa mikononi mwa wale wale waliofaidika. Hapo mto ulitumiwa kama fimbo ya mwenye nguvu.

3. Sheria ya mwaka wa 1928

Baada ya msiba huo serikali ya Marekani ilitunga sheria mpya mwaka wa 1928. Wahandisi wa jeshi walikubali sasa kwamba matuta peke yake hayatoshi. Mto lazima upewe nafasi, na nafasi hiyo ijulikane mapema.

Basi zilichaguliwa sehemu kadhaa za kupokea maji yaliyozidi. Mojawapo iko katika jimbo la Missouri, mahali paitwapo Birds Point, karibu na mji wa Cairo ambao uko pale Mto Ohio unapoingia katika Mississippi. Sehemu hiyo ni hektari 53,000 hivi za mashamba. Serikali iliwalipa wenye ardhi fedha ili ipate haki ya kuyapitisha maji juu ya mashamba yao siku ya hatari. Sehemu nyingine ni Bonnet Carré, juu ya New Orleans. Huko kulijengwa ukuta wenye nafasi 350 zilizozibwa kwa magogo 7,000 yaliyosimamishwa wima. Maji yakizidi, mashine huyainua magogo moja baada ya moja, na maji ya mto huingia katika ziwa Pontchartrain, kisha baharini. Kazi hiyo ilimalizika mwaka wa 1931.

Tena viliwekwa vipimo. Maji yakifika kina fulani Cairo, au mto ukikaribia kupitisha New Orleans mita za ujazo zaidi ya 35,000 kwa sekunde moja, ndipo mlango hufunguliwa. Hapa kuna hekima ya kweli. Mwenye zamu haulizwi ampende nani. Huulizwa kipimo chasema nini. Kipimo hakimjui tajiri wala maskini, na ndiyo maana chaweza kumlinda mlinzi mwenyewe dhidi ya vishawishi.

4. Usiku wa tarehe 2 Mei 2011

Kwa miaka mingi tuta la Birds Point halikuguswa. Lilifunguliwa mwaka wa 1937, kisha likakaa kimya. Wajukuu wa wale waliouza haki ya maji walilima ngano, mahindi na soya, na wengi walianza kufikiri kwamba siku ile haitarudi.

Ikarudi mwaka wa 2011. Mwezi wa Aprili mvua kubwa zilinyesha juu ya maji ya theluji iliyoyeyuka. Vipimo vya Cairo vilipanda siku kwa siku. Tarehe 1 Mei meya wa Cairo aliwaamuru watu wote watoke. Mji ulikuwa na watu 2,800 hivi, wengi wao maskini. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani ili tuta lisivunjwe, na siku hiyohiyo ya 1 Mei Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuingilia kati. Kiongozi mmoja wa bunge la Missouri alipoulizwa ni kipi angependa kifunikwe na maji, mashamba au Cairo, alijibu kwamba ni Cairo. Baadaye aliomba radhi. Jibu lake lafaa kukumbukwa kama onyo kwa kila mtu, maana hofu hufungua mdomo na kutoa yale yaliyofichwa moyoni.

Uamuzi ulikuwa mikononi mwa Meja Jenerali Michael Walsh, mwenyekiti wa Tume ya Mto Mississippi. Matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, yalikuwa tayari yameleta baruti hata tutani. Radi zilichelewesha kazi. Mabonde ya juu yalizidi kuleta maji, na utabiri wa mvua haukuleta faraja. Tarehe 2 Mei maji ya Cairo yalizidi futi 61, yaani mita 18.6, kina kilichoandikwa katika kanuni. Siku hiyo yalifika futi 61.72. Matuta ya mji yaliweza kuzuia futi 64 tu. Usiku, kwenye saa nne, tuta la Birds Point lililipuliwa kwa urefu wa kilometa 3 hivi. Watu wa bondeni, wapatao 200, walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyumba zao zaidi ya 90 na mashamba yao yote yalifunikwa. Kesho yake kipimo cha Cairo kilikuwa kimeanza kushuka.

Je, Walsh alitenda haki? Tukio hili latofautiana na lile la Caernarvon. Sheria ilikuwapo kabla. Haki ya maji ilikuwa imenunuliwa. Mahakama zilisikiliza shauri. Watu waliondolewa kwanza. Tena kilichotolewa kilikuwa mashamba na nyumba, na kilichookolewa kilikuwa mji pamoja na watu wa sehemu nyingine nyingi ambao matuta yao yangeweza kuvunjika ghafula usiku. Shamba lililofunikwa laweza kulimwa tena. Mtu aliyezama harudi. Kwa hiyo wengi waliotafakari walisema kwamba alifanya iliyompasa kufanya, ingawa kwa huzuni.

Lakini neno halijaisha.

5. Kijiji cha Pinhook

Ndani ya bonde lile la Birds Point palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Pinhook. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2010 kilikuwa na watu 30 tu. Kilianzishwa baada ya mwaka wa 1940 na jamaa za wakulima weusi. Wakati ule Wamarekani weusi walizuiwa kununua ardhi nzuri mahali pengi. Ardhi waliyoweza kuipata ilikuwa ile ya bondeni, ile iliyokwisha kuandikiwa maji. Waliifyeka misitu, wakailima, wakajenga nyumba na kanisa, wakalea watoto wao hapo.

Hapa yafaa kutazama kwa makini. Fedha za haki ya maji walipewa wenye ardhi wa zamani. Walionunua baadaye walinunua ardhi pamoja na mzigo wake. Katika karatasi mambo yote yalikuwa halali: serikali ililipa, mwenye ardhi alipokea, maji yakaja. Lakini aliyepokea fedha ni mmoja, na aliyepokea maji ni mwingine.

Mwaka wa 2011 watu wa Pinhook walihama wenyewe, wakibeba walichoweza kubeba. Walisimulia kwamba hawakupata msaada wa kuhama, na kwamba habari hazikuwafikia ilivyopasa. Kijiji chao kiliharibika kabisa, nacho hakikujengwa tena pale. Miaka mingi ilipita kabla baadhi yao hawajapata nyumba mpya katika mji wa Sikeston, na jirani aliyekaa mlango kwa mlango na jirani alitawanyika mbali.

Basi mtu akisema, "Wachache waliumia ili wengi waokolewe," hajasema uongo, lakini amesahau kuuliza swali moja. Kwa nini wale wachache walikuwa pale? Hesabu ya watu yaonekana safi kwa sababu hufanywa usiku wa mafuriko. Lakini wale wachache waliwekwa bondeni miaka mingi kabla, kwa ubaguzi na kwa umaskini. Anayehesabu usiku ule hutumia, pasipo kujua, udhalimu uliofanywa zamani. Cairo ulikuwa na maskini wengi, na Pinhook ulikuwa wa maskini. Maskini walikaa pande zote mbili za tuta.

Hili halimfanyi Walsh kuwa mwovu. Usiku ule hakuwa na uwezo wa kuisahihisha historia. Alikuwa na saa chache tu. Lakini laonyesha kwamba haki haiwezi kutengenezwa usiku wa mafuriko. Wakati huo kilichobaki ni kuchagua msiba mdogo. Haki ya masika hutengenezwa kiangazi: wakati wa kugawa ardhi, wa kuandika sheria, wa kuweka akiba ya malipo, wa kuijua kila nyumba iliyo bondeni na majina ya waliomo.

6. Mvua zimebadilika

Yote hayo yalipangwa kwa mvua za zamani. Wahandisi wa mwaka wa 1928 walitazama mafuriko waliyoyajua, wakajenga kwa kipimo hicho. Lakini tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi, hewa ya dunia imeongezeka joto kwa zaidi kidogo ya digrii 1. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii moja. Kwa hiyo mahali pengi mvua kubwa zimekuwa kubwa zaidi.

Hesabu za mlango wa Bonnet Carré zastahili kufikiriwa. Tangu ulipotumiwa mara ya kwanza mwaka wa 1937 mpaka mwaka wa 2007, yaani miaka 70, ulifunguliwa mara 8. Tangu mwaka wa 2008 mpaka 2020, yaani miaka 13, ulifunguliwa mara 7. Mwaka wa 2019 ulifunguliwa mara mbili, jambo ambalo halijapata kutokea kabla, na ukakaa wazi siku 123 kwa jumla. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja, pamoja na hali ya mto wenyewe na matuta yake. Lakini mvua za miaka hiyo zilikuwa nyingi kupita kawaida.

New Orleans uliokoka. Lakini maji matamu ya mto yalikwenda baharini kwa miezi, kwenye pwani ya jimbo la Mississippi, ambako watu huishi kwa kuvuna chaza. Chaza hupenda maji yenye chumvi kiasi. Mwaka wa 2019 karibu chaza wote wa sehemu hiyo walikufa, na mwezi wa Septemba serikali ya Marekani ilitangaza kwamba uvuvi wa huko umepatwa na msiba. Wavuvi hawa hawakukaa karibu na mlango. Hawakuuza haki yoyote. Waliishi katika jimbo lingine, mbali na meza ya mapatano ya mwaka wa 1928. Siku mlango ulipofunguliwa mara moja kwa miaka mingi, bahari iliponya jeraha lake. Ulipofunguliwa mwaka baada ya mwaka, jeraha halikupata nafasi ya kupona.

Hapa pana fundisho. Mapatano yaweza kuwa ya haki siku yalipofanywa, na yakawa ya kudhulumu baadaye bila neno moja kubadilishwa. Aliyekubali kumpisha jirani njia shambani mwake mara moja kwa mwaka hakukubali barabara. Mvua zikibadilika, uzito wa mzigo hubadilika, na wenye kuubeba wana haki kuitwa tena barazani. Kusema "imeandikwa hivyo tangu zamani" hakutoshi.

7. Je, mashine haziwezi kuamua?

Wengine hudhani kwamba vipimo vya sasa na kompyuta vitalimaliza swali hili. Mashine ikijua kila saa maji yako wapi, mlango utafunguliwa kwa kiasi kinachotakiwa, wala hapatakuwa na dhuluma. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Ni kweli kwamba kujua mapema ni wema mkubwa. Mwaka wa 1927 watu walivunja tuta kwa hofu. Kama wangejua vizuri zaidi yale yatakayotukia juu ya mto, labda wasingelivunja. Kipimo kizuri hupunguza hofu, na hofu ikipungua, ukatili nao hupungua. Anayepuuza kipimo kwa uvivu, au anayekiacha kiharibike kwa sababu fedha zake zimeliwa, ana hatia ya damu ijapokuwa hakumgusa mtu.

Lakini utabiri ni makadirio. Mvua yaweza kupita kando, au kuzidi. Mlinzi akifungua mapema, aweza kuharibu mashamba bure. Akichelewa, aweza kuua. Hatakiwi kujua yote, kwa maana hakuna ajuaye yote. Atakiwa kutafuta habari kwa bidii, kuwasikiliza wajuao, kutoificha shaka yake, na kuamua kwa wakati. Kungojangoja mpaka uamuzi ujifanye wenyewe ni uamuzi pia, tena mara nyingi ndio ulio mbaya kupita yote.

Tena mashine husema maji yatafika wapi. Haisemi ni nani apaswaye kuyapokea. Haikujua kwa nini Pinhook ilikuwa bondeni. Haikujua kwamba mvuvi wa chaza hana kazi nyingine. Mambo hayo lazima yasemwe na wanadamu, na yasemwe mapema, wakati maji bado yako chini na watu wana subira ya kusikilizana.

8. Jibu

Basi, je, ni haki kuyapeleka maji kwa wachache ili kuokoa wengi? Jibu: yaweza kuwa haki, kwa masharti manne.

Sharti la kwanza: kinachookolewa kiwe uhai wa watu, na wanaopokea maji wawe wamekwisha kuondolewa salama. Haifai kuhatarisha roho ya mtu kwa ajili ya ghala la mtu.

Sharti la pili: mapatano yafanywe kabla ya mafuriko, mbele ya wote watakaoumia, hata wale walio mbali, nayo yatazamwe tena mvua zinapobadilika.

Sharti la tatu: onyo lifike mpaka nyumba ya mwisho, kwa lugha inayofahamika, mapema kiasi cha mzee na mgonjwa kuweza kuhama. Onyo lililobaki ofisini halijatolewa.

Sharti la nne: aliyeumia arudishiwe, kwa fedha iliyowekwa akiba kabla, wala asilazimishwe kuombaomba kwa yule aliyeokolewa. Kilio cha mmoja aliyeumia kwa ajili ya wote ni deni la wote.

Sharti moja likikosekana, kufungua mlango kwaweza kuwa jambo la lazima, lakini hakujawa haki. Na aliyefungua, pamoja na wote waliokoka, wabaki wakijua kwamba wana deni mpaka litakapolipwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mabonde yenu, ni nani wanaokaa karibu zaidi na maji? Je, walipachagua mahali hapo, au hawakupata pengine?

2. Maji yakipanda usiku, ni nani mwenye kazi ya kuwaamsha watu? Je, kila mmoja amjua?

3. Mtu akiinua tuta kulinda shamba lake, maji yataenda kwa nani? Je, amekwisha kusema naye?

4. Jirani akipoteza mavuno ili wengine waokoke, wale waliookoka wampe nini, na kabla ya siku ngapi?